Igizo Lianzie Getini: Ninavyofundisha Askari Kuamua Kabla ya Kufyatua

Vifaa vyangu vyote vinaingia kwenye buti ya Probox: bastola sita za mpira, mapanga mawili ya kadibodi niliyoyavika foili ya jikoni, kisu cha mpira, simu tano mbovu nilizopewa bure na fundi, mwiko, pochi, chaki, filimbi, redio mbili, na turubai la kugawia vyumba. Mtu akiniambia kwamba kituo chake hakiwezi kuwafundisha askari kwa maigizo kwa sababu hakina mashine ya skrini, ile inayoonyesha video ya tukio na askari akaijibu kwa bunduki ya mwanga, namsikiliza kwa adabu, kisha namuuliza kama ana ghala tupu na asubuhi moja.

Nilikuwa mkufunzi wa silaha miaka 11 kabla ya kustaafu. Sasa naishi Changamwe, Mombasa, na watu huniita niwasaidie kufundisha. Mara nyingi ni walinzi wa kampuni binafsi, mara chache askari polisi. Haya nayaandika kwa mkufunzi mwenzangu ambaye anajua kufundisha shabaha lakini hajawahi kuendesha igizo, au ameendesha likaishia kuwa mchezo wa kupigiana kelele.

Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha nilivyofundishwa: watu msitari mmoja, karatasi mbele, filimbi, piga. Anayetoboa katikati anapigiwa makofi. Sasa ile karatasi haina mikono. Haikimbii, haina mama yake nyuma, haikuulizi "afande, mimi nimefanya nini?" Huko Marekani mahakama iliyaona haya mwaka 1979, kwenye kesi ya Popow dhidi ya mji wa Margate, New Jersey. Polisi alimkimbiza mshukiwa usiku kwenye mtaa wa makazi, akafyatua, risasi ikamuua mkazi asiyehusika. Jaji alipoangalia askari wa mji ule walifundishwa nini, alikuta hakuna zoezi la shabaha inayotembea, hakuna la usiku, hakuna la mtaa wenye nyumba na watu. Akaona kwamba mafunzo ya namna hiyo yanaweza kuhesabiwa kuwa uzembe mkubwa wa mji wenyewe. Nikifika renji yoyote leo, yaani uwanja wa shabaha, nikikuta karatasi zimesimama kimya juani, naikumbuka ile kesi.

Kuhusu mashine nitasema kidogo. Mojawapo ya kampuni za mwanzo kuziuza ilianzishwa Georgia, Marekani, na Jody Scheckter, Mwafrika Kusini aliyekuwa bingwa wa Formula One mwaka 1979. Alitoka kwenye magari ya mbio akaingia kwenye bunduki za mwanga. Siku hizi zipo za skrini tano zinazokuzunguka karibu pande zote. Ni nzuri kwa mambo yake: zinarudia kisa kilekile kwa watu 40 bila mwigizaji kuchoka, zinakuonyesha risasi ilitoka lini na ilienda wapi, na hakuna anayeumia.

Lakini niliwahi kuijaribu moja, mahali nisipopataja, nikiwa na kijana wa Kidigo kutoka Kwale. Kwenye skrini alikuwako Mmarekani mlevi kwenye maegesho ya magari. Kijana wangu akamsemesha vizuri kabisa: "Kaka, tulia basi. Weka hicho chini tuongee." Sasa elewa kwamba mlevi wa skrini hasikii. Anayesikia ni mkufunzi aliyekaa nyuma na kompyuta, ndiye huchagua video iende upande gani. Na yule bwana wa siku hiyo Kiswahili hakijui. Akaona askari anabwabwaja tu, akabonyeza upande wa "askari hajatoa amri." Mlevi akachomoa bastola. Kijana akatoka pale amejifunza kitu kimoja, kwamba maneno hayafai kitu. Ilinichukua wiki mbili kumtoa hilo kichwani. Ukibahatika kupata mashine, itumie, lakini hakikisha anayebonyeza anaelewa lugha ya wanafunzi wako.

Sasa tuingie ghalani.

Kosa nililolifanya muda mrefu, na ambalo naliona kwa wengine, ni kuanzisha igizo mwishoni. Mwanafunzi anafungua mlango, mtu na panga huyu hapa, amua! Anachobaki nacho ni kidole tu. Umemnyima kila kitu ambacho kingemsaidia: alichoambiwa kwenye redio, alipoegesha gari, aliyemkuta nje, nafasi aliyosimama. Uamuzi wa kufyatua au kutofyatua huwa umekwisha kufanywa nusu yake na miguu, dakika mbili kabla. Kwa hiyo maigizo yangu yote yanaanza na redio, nje ya geti.

Mfano ni zoezi linalojulikana duniani kote la umbali wa kisu. Sajenti Dennis Tueller wa polisi ya Salt Lake City alipima, na mwaka 1983 akaandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kumfikia askari aliye futi 21, yaani mita sita na nusu hivi, kwa sekunde moja na nusu. Huo ni karibu muda uleule anaohitaji askari kuchomoa bastola na kupiga. Wengi wamelichukua kama ruhusa: akiwa ndani ya mita hizo, mpige. Mimi nalifundisha kinyumenyume. Nachora msitari wa chaki mita sita na nusu, namwambia mwigizaji akimbie na kisu cha mpira, mwanafunzi anachelewa, wote wanacheka. Halafu naweka meza katikati. Tunarudia. Mwigizaji inabidi azunguke, na mwanafunzi ana sekunde tatu, nne. Halafu namwambia mwanafunzi arudi hadi kwenye mlango na aufunge. Sasa ana muda wote wa dunia, na hajagusa bastola. Zoezi hili linachukua nusu saa na ndilo la kwanza asubuhi, kabla ya igizo lolote.

Igizo ninalolitumia zaidi nimelipa jina la Jikoni. Nitalieleza kwa urefu kwa sababu mengine yote nayaandika kwa kulifuata hili.

Redio inasema: mama wa nyumba ya tatu baada ya msikiti amepiga simu, kijana wake wa miaka 20 amejifungia jikoni na kisu. Basi. Askari wawili wanaingia getini. Hapo getini yupo mama, na mama anashika mkono wa askari wa kwanza, analia, anaongea haraka. Mama huyu ndiye moyo wa igizo. Anajua mambo manne: kijana ameacha dawa zake za akili wiki mbili, hajamtishia mtu ila anataka kujidhuru mwenyewe, sikio la kushoto halisikii, na jikoni kuna mlango wa nyuma wa kutokea uani. Lakini nimemwagiza ajibu anachoulizwa tu. Asipoulizwa, alie.

Askari sita kati ya kumi humsukuma kando. "Mama, tupishe, mama, tupishe!" Wanaingia jikoni bila kujua lolote, wakasimama upande wa sikio bovu, wakaanza kupiga kelele.

Ndani, kijana ana kanuni zake, na kanuni hizi mwigizaji anazo kwenye karatasi na anazikariri. Askari akivuka alama ya chaki ya mita tatu huku anafoka, kijana anasimama na kurudi nyuma hadi ukutani, kisu mkononi. Askari wawili wakitoa amri tofauti, mmoja "tupa kisu!", mwingine "usisogeze mkono!", kijana anaganda halafu anawageukia. (Jaribu mwenyewe kutii amri hizo mbili kwa pamoja.) Askari akibaki nyuma ya meza, akazungumza mmoja tu, akataja jina lake mwenyewe na kumwita kijana kwa jina, akauliza swali la kawaida kama "umekula leo?", mwigizaji anahesabu moyoni hadi tisini, kisha anakaa chini na kukilaza kisu sakafuni. Dakika moja na nusu. Ukiwa umesimama na moyo unapiga, dakika moja na nusu ni kama mwezi mzima wa Ramadhani, na wengi huivunja ikiwa imebaki sekunde ishirini.

Kuna mwisho mwingine ambao natumia mara moja kwa siku, tena bila kumwambia mtu: kijana anasemeshwa vizuri na bado anavamia. Lazima uwepo. Usipouweka, unawadanganya kwamba maneno ni dawa ya kila mtu, na siku moja utamzika askari aliyekuamini. Lakini usiuzidishe. Nikipanga maigizo kumi ya siku, sita huisha kwa maneno, mawili kwa mikono na pingu, moja kwa silaha, na moja hakuna kitu kabisa: mzee anatafuta funguo zake gizani kwenye gari lake mwenyewe. Mkufunzi ambaye kila igizo lake linaishia kwa bastola amefundisha jambo moja tu, kwamba ukiingia mlangoni, toa bastola.

Waigizaji ndio watakaokuangusha. Vijana wa kikosi kilekile wanataka kumshinda mwenzao, wanaanza ujanja wa filamu, wanaficha kisu cha pili kwenye soksi. Mimi natumia watu wa nje. Mama wa Jikoni ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na sijawahi kuona mtu anayelia vizuri kama yeye. Nawaambia kabla: hulipwi kushinda, unalipwa kumjibu askari. Akifanya vizuri, tulia. Akifanya vibaya, pandisha hasira. Mwigizaji akikataa kutulia hata pale askari amefanya kila kitu sawa, msimamishe na umbadilishe hapohapo.

Kwa siku yenye watu wengi, kuna zoezi fupi la vitu. Chumba cha giza, mtu ameshika kitu mkononi, taa inawaka sekunde moja, inazima. Ulichoona ni nini? Simu, mwiko, pochi, bastola ya mpira. Zoezi hili halihitaji maelezo. Wakisikia mwenzao anasema "bastola" na taa ikawaka tena wakaona mwiko wa ugali, hakuna anayecheka mara ya pili.

Usalama. Hapa sina mzaha, na hapa nakuomba usiruke.

Agosti 2016, mji wa Punta Gorda, Florida, polisi waliwaalika raia kuona zoezi la piga-au-usipige. Mama wa miaka 73, mfanyakazi mstaafu wa maktaba, akachaguliwa ashiriki. Bastola iliyotumika ilidhaniwa ina risasi baridi, zile za mlio tu. Ilikuwa na risasi za kweli. Mama yule alipigwa mbele ya watu waliokuja kutazama, akafariki. Kwa hiyo kwangu risasi baridi haziingii ghalani, hata moja, hata kwa ajili ya mlio. Mlio naupata kwa ubao wa mbao niupigapo chini. Wenzangu wenye fedha hutumia bunduki zilizobadilishwa zisiweze kabisa kupokea risasi ya kweli, zinazorusha risasi za rangi. Ni nzuri, zinauma kidogo na zinafundisha, lakini lazima vazi la uso na shingo.

Utaratibu wangu uko hivi. Mlango ni mmoja, mingine tunaifunga kwa kamba. Mlangoni amesimama mtu mmoja ambaye haigizi wala hafundishi, kazi yake ni kukagua tu. Kila anayeingia anakaguliwa na yeye, halafu na mwenzake, halafu anajikagua mwenyewe mbele yetu: kiuno, kifundo cha mguu, mfuko, begi. Silaha za kweli, magazini, visu vya mfukoni, vyote vinabaki kwenye sanduku lenye kufuli nje ya ghala, na ufunguo anao mkaguzi. Anayetoka kwenda chooni anakaguliwa upya akirudi, hata akiwa mkubwa wa kituo. Mkubwa mmoja aliwahi kununa kwa hilo. Nilimwambia, "Afande, nisamehe, lakini ukipita wewe bila kukaguliwa, kesho atapita mwingine." Akainua mikono.

Halafu neno la kusimamisha. Usitumie "simama"! Askari wenyewe wanalipiga kelele ndani ya igizo kila dakika, hakuna atakayejua ni lako au lao. Mimi natumia "embe." Mtu yeyote, mwigizaji au mwanafunzi au mtazamaji, akisema embe, kila mtu anaganda na kuweka mikono juu. Tunalifanyia mazoezi mara tatu kabla ya kuanza. Filimbi ni ya kusaidia, kwa sababu wengine masikio hufunga wakipata msisimko.

Kabla hujamwingiza mwanafunzi, mchoshe. Ngazi mara nne au kuruka chura mara ishirini. Mkono unaotetemeka na pumzi inayokatika ndivyo vitakavyokuwapo siku yenyewe. Na waingie wawiliwawili, mmoja mmoja ni nadra kazini.

Igizo likiisha, usiseme chochote. Najua inawasha ulimi. Niliwahi kumfokea kijana hapohapo mlangoni, mbele ya wenzake, kwa kumpiga mtu aliyekuwa ameshika simu. Hakutoa neno tena siku ile, na mimi sikujua aliona nini kilichomfanya apige. Sasa nawakalisha kwenye magunia, nawapa maji, na swali la kwanza ni: uliona nini? La pili: ulisikia nini? La tatu: ulikuwa umesimama wapi? Swali la "kwa nini" linakuja mwisho kabisa, kwa sababu ukianza nalo watu hujitetea. Utashangaa. Askari atakuambia alipiga risasi mbili, wenzake walihesabu tano. Atasema kijana hakusema kitu, na kijana alikuwa anaita "mama" muda wote. Simuonyeshi video ya simu yangu hadi amalize kusimulia, maana akishaiona, atasimulia video.

Kisha anaandika. Kalamu na karatasi, kama anavyoandika kwenye kitabu cha matukio kituoni. Hapa ndipo nachukua Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya ya 2011, linaloeleza matumizi ya nguvu na silaha, na kulisoma kifungu kwa kifungu juu ya maandishi yake. Je, ulijaribu njia isiyo ya nguvu kwanza? Iko wapi kwenye karatasi yako? Nguvu uliyotumia ililingana na kosa na ukaidi? Ulijitambulisha, ukaonya, ukampa muda wa kusikia onyo, au hali haikuruhusu, na kama haikuruhusu, kwa nini? Aliyeumia alipata huduma ya kwanza? Jamaa zake walijulishwa? Mkubwa wako umemwarifu? Akifa mtu au akiumia vibaya, unajua kwamba Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, lazima iarifiwe? Wengi hufika kwenye huduma ya kwanza wakanyamaza. Walimaliza igizo, wakarudisha bastola ya mpira kiunoni, wakamwacha mwigizaji sakafuni. Tangu niligundue hilo, igizo langu haliishi hadi mtu akandamize jeraha kwa taulo jekundu na kuita gari la wagonjwa kwenye redio.

Kwa walinzi wa kampuni binafsi jedwali hilo silisomi, kwa sababu mlinzi si polisi na mamlaka yake ni madogo kuliko anavyodhani. Nawafundisha kurudi nyuma, kufunga geti na kupiga simu. Wengi wana rungu tu. Rungu nalo huua.

Kitu cha mwisho ni kurudia, siku hiyohiyo, igizo lilelile, kabla ya chai ya saa kumi. Mtu aliyekosea akienda nyumbani na kosa, analala nalo. Mwezi uliopita mmoja wa vijana alimpiga mwigizaji wa Jikoni asubuhi; alimpita mama, akaingia, akafoka, akavuka chaki. Baada ya mapitio nikamrudisha nje ya geti, redio ikasema maneno yaleyale. Akamsogelea mama, akavua kofia. "Shikamoo mama. Jina lake nani?" Halafu: "Anasikia vizuri?" Akaingia kwa upande wa kulia, akasimama nyuma ya meza, mwenzake akanyamaza mlangoni. Mwigizaji akahesabu hadi tisini. Kisu kikalala sakafuni.

Tukahesabu bastola za mpira, zikawa sita. Mkaguzi akafungua sanduku.